Mawe Yanenayo Ndani ya Kuta

Mtu aingiaye Iringa kutoka Ipogolo, akiisha kuuvuka mto Ruaha Mdogo na kuukwea ule mlima wenye kona mpaka mjini, hazipiti siku nyingi kabla hajaonyeshwa mwamba mkubwa ulioinamia mji, ambao Wahehe huuita Gangilonga, yaani jiwe linenalo. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akipanda huko kutafakari mambo ya nchi yake, na kwamba ni mwamba huo uliomjuza kuja kwa Wadachi kabla wapelelezi wake hawajawaona. Nimelelewa na masimulizi hayo, nami nakiri kwamba ndiyo yaliyonizoeza kulitazama jiwe kama kitu chenye habari, na kuliuliza kila jengo la kale swali moja: mawe haya yalikuwa wapi kabla ya kuja hapa?

Jina la mji wenyewe ni jawabu la swali la namna hiyo. Neno la Kihehe *lilinga* maana yake ni boma, na lilinga lililokusudiwa hapo kwanza si huu mji wa mlimani, bali ni ule wa Kalenga, bondeni, mwendo wa kilomita kama 15, ambao Mkwawa aliuzungushia ukuta wa mawe na udongo. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele, likiwa na mizinga, liliushambulia ukuta huo likauingia. Na mwaka 1896, ofisa wa Kidachi Tom von Prince alipojenga kituo kipya cha kijeshi juu ya mlima, jina la boma lililovunjwa lilichukuliwa likatiwa katika boma la mvunjaji, hata Wadachi wakawa wanasema Iringa Mpya na Iringa ya Kale. Leo huko Kalenga mabaki ya ukuta ni machache mno, ilhali jina lake limeenea mkoa mzima, nalo hutamkwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanalitaja boma lililoanguka.

Habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji ni ya mawe yaliyohamishwa vivyo hivyo, si kwa jina tu bali kwa mwili: misalaba iliyochongwa kaskazini mwa Uingereza na huko Uskochi baina ya karne ya 7 na karne ya 11, kisha ikavunjwa vipande na kutiwa katika kuta za makanisa yaliyojengwa baadaye, ikakaa gizani miaka mamia kwa mamia, mpaka ilipotolewa nje na waashi waliokuwa wakishughulikia jambo jingine kabisa. Ni habari ya nchi ya mbali, lakini naiona kuwa inatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini katika miaka hii, na sababu yake itadhihiri mbele.

Katika zama zile makanisa ya mawe yalikuwa haba, na aghalabu msalaba ndio uliotangulia: ulisimamishwa katika viwanja vya watawa, penye makaburi ya wakubwa, au mahali walipokusanyika watu kusikiliza mahubiri chini ya mbingu tupu. Nguzo yake ilichongwa pande zote nne. Humo mlikuwa na mizabibu iliyopanda toka chini hadi juu, ndege na wanyama wakila matunda yake. Mlikuwa na sura za mitume. Na zaidi ya yote mlikuwa na ile nakshi ya mishipi iliyosukana, ikipita juu na chini bila ya mwanzo wala mwisho, ambayo mwanamke yeyote wa Iringa aliyezoea kusuka vikapu vya milulu angeitambua kwa jicho la kwanza, akaweza kumwonyesha mtaalamu ni wapi mchongaji alipokosea hesabu ya nyuzi. Mingi ya misalaba hiyo ilipakwa rangi pia, hata yaonekana kwamba lile jiwe la kijivu tulionalo leo katika picha ni mifupa tu ya kitu kilichokuwa kiking'aa.

Kisha mambo yakabadilika. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, kulizuka ari kubwa ya kujenga, na kanisa dogo baada ya kanisa dogo likabomolewa ili lisimamishwe lililo kubwa zaidi, lenye mnara na matao. Mwenye kujenga huhitaji mawe, na msalaba mkongwe ulioegemea upande mmoja katika uwanja wa makaburi ni jiwe lililokwisha kuchongwa. Nilipomsimulia habari hii fundi mmoja wa Kihesa, mzee aliyejenga kwa mawe tangu ujana wake, nilidhani atashangaa; naye hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu," alinijibu, "jiwe lililokwisha kupigwa tindo pande nne ni siku mbili za kazi ya mtu. Ukilikuta limelala bure, utaliacha?" Kisha akanionyesha kwa kiganja jinsi kipande kirefu cha nguzo kinavyofaa kuwa kizingiti cha juu ya dirisha, na kifupi kuwa jiwe la pembeni, panapokutana kuta mbili, mahali ambapo mwashi hawezi kuweka jiwe la mviringo.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi hapakuwa na chuki wala dharau, bali palikuwa na mtu mwenye kazi, na siku zikimwishia. Kwa hiyo ndani ya minara na misingi ya makanisa mengi ya vijijini yakalala mawe yenye nakshi, mengine uso ukitazama nje, mengine ukitazama ndani ya ukuta, na juu yake chokaa na mawe mengine. Mwaka 1841 ulipoanza ukarabati wa kanisa la Bakewell, katika jimbo la Derbyshire, vipande vya mawe ya namna hiyo vilitoka kwa wingi, hata vikarundikwa katika ukumbi wa mlango wa kusini, ambapo mgeni huvikuta mpaka hivi leo. Huko St Vigeans, karibu na Arbroath katika Uskochi, kanisa lilipokarabatiwa katika miaka ya 1870 na kabla yake, yalipatikana mawe ya Wapikti, watu wa kale wa nchi hiyo, zaidi ya 30, mengine yakiwa yametumika kujengea kuta, na sasa yana nyumba yao ya makumbusho. Kazi ya kuyaorodhesha mawe ya Uingereza, kijiji kwa kijiji na ukuta kwa ukuta, ilianzishwa mwaka 1977 na mwanamke mmoja mwanachuoni wa Durham, Rosemary Cramp. Buku la kwanza lilitoka mwaka 1984, naye aliendelea nayo hata uzeeni.

Jambo lililonistaajabisha katika habari hizi ni hili. Misalaba iliyoachwa imesimama katika viwanja, ikiheshimiwa na kila mpita njia, ilinyeshewa mvua na kupigwa na baridi miaka elfu, na nakshi zake nyingi zimelainika hata hazisomeki. Ilhali ule uso uliogeuzwa ndani ya ukuta, ambao mwashi aliutia chokaa asiujali, ulitoka humo ukiwa mkali kana kwamba mchongaji ameinuka kwenda kunywa maji, na pengine chembe za rangi zikiwa zingali zimeshika katika mitaro ya nakshi. Mwenye kuupuuza ndiye aliyeuhifadhi.

Lakini ziko hali nyingine ambazo hazikuwa za kupuuza, nazo nitazieleza kwa msalaba mmoja tu, ule wa Ruthwell, kusini mwa Uskochi. Huo ulichongwa katika karne ya 8, na kimo chake ni zaidi ya mita 5. Upande mmoja amechongwa Kristo amesimama juu ya wanyama wawili. Upande mwingine yule mwanamke mwenye dhambi akiipangusa miguu ya Bwana kwa nywele zake. Na katika kingo za zile pande za mizabibu kumeandikwa, kwa herufi za kale za watu wa Kaskazini ziitwazo runi, sehemu ya shairi ambalo msemaji wake si mtu. Anayesema humo ni mti wenyewe uliombeba Kristo, ukieleza kwa nafsi ya kwanza jinsi ulivyotetemeka na jinsi ambavyo haukuthubutu kuinama. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, nikaukumbuka mwamba wetu. Gangilonga! Watu wasiojuana, na bahari baina yao, wote waliona kwamba jambo zito lililokwisha kushuhudiwa na kitu kisicho na kinywa haliwezi kubaki bila ya kusemwa.

Mwaka 1640 Baraza Kuu la Kanisa la Uskochi, katika siku za ukali wa matengenezo ya dini, lilitoa amri ya kuondolewa sanamu zote zilizohesabiwa kuwa za ibada ya miungu, na miaka michache baadaye msalaba wa Ruthwell ukaangushwa na kuvunjwa. Vipande vilibaki ndani ya kanisa, watu wakivikalia na kuvikanyaga. Baadaye vikatupwa nje uwanjani. Aliyeviokota ni mchungaji wa mahali hapo, Henry Duncan, yule yule aliyeanzisha Ruthwell mwaka 1810 benki ya akiba kwa ajili ya maskini, ambayo huhesabiwa kuwa baba wa benki za namna hiyo ulimwenguni, na ambayo wanachama wa vyama vyetu vya akiba na mikopo wangemtambua kwayo kuwa ni mwenzao. Duncan aliviunganisha vipande hivyo kimoja kimoja, akamwagiza fundi achonge mikono mipya ya msalaba badala ya ile iliyopotea, na mwaka 1823 kazi ikawa imetimia. Alikosea mahali pamoja: jiwe la juu kabisa aliligeuza, nyuma ikawa mbele, na halijageuzwa tena. Mwaka 1887 msalaba wote ukaingizwa kanisani, ukajengewa chumba chake, na sakafu ikachimbwa ili kimo chake kienee chini ya paa. Jengo lililokuwa limeutoa sasa limejikunja ili upate nafasi.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawafundisha watu wetu mambo ya Wazungu kana kwamba sisi hatuna yetu. Yapo, nayo kwa maoni yangu yamewapita. Huko Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, upo msikiti wenye paa la mabati ambao mpita njia asiye na habari angeweza kuupita kama msikiti wowote wa kijiji cha wavuvi. Akiingia ndani kwa adabu na kusogea kwenye kibla, ataona ubao wa mawe uliozunguka mihirabu, na juu yake maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ambayo ncha za herufi zake zimechipua majani na vikonyo. Humo imeandikwa tarehe: mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107 wa Miladia, na jina la aliyeamrisha ujenzi, Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Maandishi hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki, na mwanachuoni aitwaye Flury aliyatangaza kwa walimwengu mwaka 1922.

Lakini ukuta unaoyabeba si wa mwaka 1107. Msikiti uliopo leo kwa sehemu kubwa ni wa karne ya 18, na maandishi mengine yaliyo humo humo yataja mwaka 1184 wa Hijra, yaani 1770. Waashi wa wakati ule walilikuta jengo la wahenga limekwisha kuchakaa, wakalijenga upya. Na walipofika kwenye mihirabu, wale mabwana hawakulitia jiwe lenye maandishi katika msingi, wala hawakulifanya kizingiti. Walilirejesha mahali pale pale pa heshima, mbele ya uso wa imamu, ingawa wengi wa waliosali nyuma yake hawakuweza kuisoma herufi ya Kikufi, iliyokwisha kuachwa zamani.

Mwenye kutaka kuufahamu uzito wa tendo hilo na alijue jiwe lenyewe. Ni tumbawe, lililokatwa baharini. Lingali bichi huwa laini, na fundi hulichonga kwa chombo chembamba karibu kama achongavyo mbao za mlango; likiisha kupigwa na upepo na jua hukakamaa, wala halirudi tena kuwa laini. Maana yake ni kwamba mchongaji ana muda wake tu, na herufi ikiisha kukauka haiongezwi wala haipunguzwi. Wale waashi wa karne ya 18 wangeweza kuchonga ubao mpya kwa jiwe bichi toka pwani iliyo mbele ya mlango wao. Walipendelea mkono wa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 600 kabla yao.

Iko mifano mingine, nami nitaipitia upesi. Malindi kuna msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon, ulioletwa na Vasco da Gama katika safari yake ya 1497 hadi 1499. Ulisimamishwa kwanza mahali pengine, ukaondolewa, ukaja kuwekwa juu ya nguzo ya matumbawe iliyo ukingoni mwa bahari, ambapo upo mpaka sasa. Na huko Yeha, kaskazini mwa Uhabeshi, kando ya hekalu lililojengwa karne nyingi kabla ya Kristo kwa mawe yaliyoshikamana pasipo chokaa, lipo kanisa ambalo usoni pake yametiwa mawe ya kale yaliyochongwa vichwa vya mbuzi wa milimani, wanyama wa ibada iliyokufa, wakiwatazama Wakristo waingiapo kusali.

Sasa narudi kwetu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Wamisionari wa Berlin wakafika nchi ya Wanyakyusa. Baada ya miaka michache Wamoravian wakakaa Utengule, pale pale ulipokuwa mji wenye ngome wa Merere, mtawala wa Wasangu, aliyekuwa amesukumwa huko na nguvu za Wahehe. Merere alipoirudia nchi yake ya Usangu, misheni ilibaki katika makao aliyoyaacha. Upande wa Iringa, Wabenediktini walijenga Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mahali pao pakashikwa na Wamisionari wa Consolata. Jina la Tosamaganga hufasiriwa kwa Kihehe kuwa ni "tupa mawe", nalo lina *ganga* lile lile la Gangilonga. Majengo ya wakati huo, ya mawe na ya matofali ya kuchoma, yaliyoinuliwa na mafundi wa Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kinyakyusa ambao majina yao hayakuandikwa ukutani, sasa yana umri wa miaka mia na zaidi. Waumini wameongezeka mara nyingi. Kila mwaka huamuliwa, katika usharika mmoja au kigango kimoja, kwamba kanisa la wazee halitoshi tena na litabomolewa.

Miaka michache iliyopita nilifika mahali pamoja pa namna hiyo, ambapo sitapataja jina, katika juma la kubomoa. Paa lilikuwa limekwisha kutolewa na ukuta wa upande mmoja umelala. Vijana walikuwa wakipita na ndoo za zege kuingia na kutoka katika banda la saruji, na mlangoni pa banda palikuwa na jiwe bapa lililowekwa ili miguu isizame topeni. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama kando, amevaa koti lake la Jumapili ingawa siku ile ilikuwa Jumatano. Nilimwamkia, "Kamwene, mzee," akaitikia, tukasimama pamoja bila ya kusema mengi. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye lile jiwe la mlangoni. "Hilo," akasema, "baba yangu alilibeba begani kutoka mtoni."

Tuliwaomba vijana walinyanyue, nao wakalinyanyua kwa heshima, wala hawakuwa na kosa lolote, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewaambia. Tulilimwagia maji. Chini ya tope ulionekana msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, umechongwa kwa kina cha ukucha, mkono mmoja ukiwa mfupi kidogo pale tindo lilipoteleza, na chini yake tarakimu za mwaka zilizojaa chokaa nyeupe. Lilikuwa ndilo jiwe la msingi la kanisa lililokuwa likibomolewa. Yule mzee aliipitisha ncha ya kidole chake katika ule mkono mfupi, akarudia, kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Kanisa jipya limekwisha kujengwa, nalo ni zuri, lina nafasi na mwanga. Jiwe halimo ukutani. Limeegemezwa ndani ya sakristia, nyuma ya mlango, pamoja na mafagio, na mlango ukifunguliwa sana hulipiga.

Nawaomba basi wachungaji, mapadri, wazee wa makanisa na kamati za ujenzi katika Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, waweke mtu mmoja mwenye macho, asiye na kazi nyingine siku hizo, alitazame kila jiwe pande zake zote litokapo, alipige picha na kuandika lilitoka ukuta gani. Likipatikana lenye alama, liwe ni msalaba, mwaka au herufi moja tu, fundi mwashi apewe amri mapema aliachie nafasi katika ukuta mpya, karibu na mlango, kimo cha macho ya mtoto, uso ukitazama nje. Gharama yake ni nusu siku ya mwashi na ndoo moja ya saruji.